Nywele Zangu, Kichwa cha Mwingine

Wiki iliyopita mliniacha chooni, mbele ya kioo, penseli ya wanja mkononi, nikiapa kwamba ule wimbo wao wa machozi hautafika mwisho salama. Wapo walionisimamisha njiani wakaniuliza kama siku ile nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimegusa kitu. Nilikuwa na akili zangu timamu, na kiapo kile naweza kukirudia hata leo mbele ya yeyote.

Kwa ambao mmedandia hadithi hii njiani, niwavute kwa ufupi. Mimi ni Virgil Hruska, mpiga gitaa wa bendi ya Velvet Jackal, ingawa pale Hollywood mwaka ule wa 1987 hakuna aliyenijua kwa jina hilo. Niliitwa Blaze. Tulikuwa wanaume wanne wenye suruali za kubana, wanja machoni, na nywele zilizosimama kama tumekutana na jini. Tulipiga muziki wa vurugu mpaka glasi za baa zikawa zinatembea zenyewe kaunta, na vijana wa barabara ya Sunset walitupendea hilo.

Kisha ikaja kampuni ya kurekodi, na kampuni ikaja na Bwana Haverkamp. Huyu ndiye aliyeamua kwamba magitaa yapungue, kinanda kiongezwe, na tuimbe "Nibusu Kabla ya Treni", wimbo uliotungwa na mtu ambaye hatujawahi hata kumwona, ili redio ziupige na akina mama wauimbe wakisukuma toroli supamaketi. Mwimbaji wetu, Lonnie Marchetti, alikubali kabla hajaulizwa. Mimi nikakataa.

Nilikataa studio, nikakataa ofisini kwao, nikakataa kwenye simu ya mezani ya mama yangu. Mara ya mwisho Haverkamp hakubishana na mimi. Alitabasamu tu, akasema sawa. Ningekuwa mjanja, tabasamu lile lingeniamsha.

Haya, sasa tuendelee.

Onyesho lilikuwa la mchana, jambo ambalo kwa bendi kama yetu ni aibu tupu. Wanja haupendi jua. Lakini wakubwa wa redio, walioalikwa kuusikia wimbo, hawakeshi, wana wake na watoto, kwa hiyo klabu ilifunguliwa jua likiwa bado linawaka nje. Mbele walikaa wale wakubwa na mashati yao meupe. Nyuma yao walisimama watu wetu, vijana wa Sunset, waliokuja kuhakikisha kama ni kweli tumelainika.

Nyuma ya dramu lilishushwa pazia jeusi. Hilo nililijua, wala halikunishtua. Vijana wa Sunset wakiona kinanda jukwaani wanarusha chupa, wanasema hicho ni chombo cha kanisani na cha harusi za mashangazi. Kwa hiyo bendi zilizotaka kinanda zilimficha mpigaji nyuma ya pazia, akapiga bila kuonekana, na sisi mbele tukajifanya sauti ile imetoka mbinguni. Mji mzima ulijua mchezo huo.

Kile ambacho sikukijua ni kwamba nyuma ya pazia letu walikaa wawili.

Dalili zilikuwepo, msidhani hazikuwepo. Wiki moja kabla, tulipokuwa tunapigwa picha ya albamu, mpiga picha alikuwa kila dakika ananiambia, "Blaze, leta nywele mbele. Mbele zaidi. Nataka pua tu." Mimi nikajiona mwanamume wa siri na mvuto.

Na asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa jikoni kwa mama, kwetu Reseda, kichwa ndani ya sinki. Mama yangu Arlene ni msusi, na nywele zangu zilikuwa kazi ya mikono yake. Nyeusi kwenye mizizi, nyekundu katikati, njano ya moto kwenye ncha. Wasusi wa bonde zima la kwetu walijaribu kuiga rangi ile wakaishia kuunguza watu vichwa. Asubuhi hiyo niliona mabakuli mawili ya rangi yamekaa pembeni ya sinki. Nikamuuliza la pili la nani. Akanijibu kwamba nywele zangu siku hizi zimekuwa nyingi, niiname, maji yanapoa. Hakunitazama usoni, na kwa mama yangu hilo halikuwa jambo la kawaida.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Changu kilikuwa kinanichana nywele.

Kabla hatujapanda jukwaani, Gus Bermudez alinishika mkono. Gus ndiye mpiga dramu wetu, kijana wa Boyle Heights, tumegawana mkate mmoja wa burito kwa mbili tangu tuko shule. Alikuwa na uso wa mtu aliyemeza mfupa.

"Ukifika kwenye kipande chako, usisikilize spika ya miguuni," alininong'oneza. "Sikiliza ukumbini."

"Kuna nini?"

"Nimekuambia kaka. Sikiliza ukumbini."

Nilitaka kumhoji zaidi, lakini taa zikazimwa na Lonnie akatupita kwa madaha, ananukia dawa ya kupuliza nywele kama kopo zima limempasukia. Nikapanda.

Niwaeleze mpango wangu, maana niliwaahidi. Wimbo wao ulikuwa na nafasi ndogo ya gitaa katikati, ya kubembeleza, kitu ambacho hata bibi harusi angekipiga kwa kidole kimoja. Mimi niliazimia kwamba nikifika hapo sibembelezi mtu. Nitafumua gitaa la "Meno ya Mbweha", wimbo wetu wa kwanza kabisa, ule tulioutunga gereji kwa akina Gus mpaka majirani wakaita polisi. Nitaupiga wote, mbele ya mashati meupe. Wao wamemwaga mboga, na mimi namwaga ugali.

Tukaanza. Kinanda kikalia nyuma ya pazia, laini, kama mtu anakung'uta shanga. Lonnie akafumba macho akaimba kuhusu treni. Feni yake ikaanza kumpepea. Kila mwimbaji wa barabara ile alikuwa na feni ya kupeperushia nywele, lakini ya Lonnie siku hiyo ilikuwa mpya na kubwa kupita kiasi, ya kukaushia rangi ya magari, kwa sababu alitaka nywele zisimame kama kwenye video. Msichana mmoja wa mbele alikuwa tayari analia.

Kipande changu kikafika. Nikapiga hatua mbele, nikapanua miguu, nikaachia.

Wasomaji wangu, nilipiga gitaa siku ile kuliko siku zote za maisha yangu. Nilililiza, nikalitukana, nikalikwaruza mpaka kidole kikachanika. Kwenye spika ya miguuni, ile ya mpigaji kujisikia mwenyewe, nilisikia kila kitu, unyama mtupu. Nikainua uso kuwatazama wakubwa wa redio, nione wanavyoziba masikio.

Hawakuziba. Mmoja alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Yule msichana bado analia, na machozi yake yalikuwa ya raha. Vijana wetu kule nyuma walinitazama kwa huzuni, kama mtu anavyomtazama rafiki aliyeuza mbwa wake.

Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya Gus. Nikarudi hatua tatu, mbali na spika ya miguuni, nikatega sikio ukumbini.

Ukumbini kulikuwa kunasikika gitaa tamu, safi, la kubembeleza. Halikuwa langu.

Damu ilinipanda kichwani. Nikamgeukia Lonnie, naye akafumba macho zaidi, akijifanya amezama kwenye treni. Nikataka kumfikia. Katikati yetu ilikuwapo feni. Sikuizunguka. Niliipiga teke kwa kiatu changu cha kisigino kirefu, na feni ile ikajizungusha kwenye mguu wake, ikageuza uso, ikalipulizia lile pazia jeusi kwa nguvu zake zote.

Pazia likafura. Likapiga mara moja, mara mbili, kisha fimbo iliyolishika ikachomoka na lote likaanguka juu ya Gus.

Nyuma yake alikaa mzee mmoja mwenye miwani mbele ya kinanda, mikono imemganda. Na pembeni ya mzee nilikuwa mimi.

Nasema mimi. Suruali yangu, koti langu lenye pindo za ngozi, gitaa la rangi yangu. Nywele nyeusi kwenye mizizi, nyekundu katikati, njano kwenye ncha, zimeshushwa mbele mpaka ionekane pua tu. Mtu yule aliponiona, aliacha kupiga. Na gitaa likanyamaza ukumbi mzima, wakati vidole vyangu bado vinatembea kwenye nyuzi.

Halafu mtu mmoja kule nyuma akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wako wawili." Kicheko kikaanzia hapo.

Nikamwendea, nikampangua nywele usoni. Alikuwa Orrin. Mtoto wa mama yangu mdogo, kutoka Bakersfield, aliyekuwa anapiga gitaa kanisani, kijana mpole asiyeweza kukataa hata chai. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika nyuzi, likizo moja, kwenye ngazi za nyuma kwa bibi.

"Waliniambia umekubali," Orrin alisema. "Waliniambia wewe mwenyewe umesema nikusaidie wimbo huu mmoja tu."

Nilikuwa natazama ncha zake za njano. Katika ulimwengu huu mtu mmoja tu angeweza kuzipaka.

Alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa, mahali anaposimama kila onyesho, aproni yake kiunoni, vitana na mkasi vimechomekwa mfukoni. Mama yangu hakukimbia. Alipanda jukwaani mbele ya watu wote na viatu vyake vya saluni.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekuwekea kiti," alisema. "Yule bwana wa kampuni aliniambia wewe unaondolewa baada ya onyesho hili, ukipenda usipende. Walikuwa wanaleta mtu baki. Nikasema afadhali akikalie mtu wa damu yetu, ukipoa hasira urudi ukae."

"Kiti kikikaliwa si changu tena, mama."

"Ungekosa vyote, Virgil. Nakujua. Ungevunja nyumba kwa sababu ya mlango."

Iliniuma, kwa sababu aliisema kwa upendo. Angekuwa ameniuza ningejua pa kushika. Lakini alikuwa amenitunza, kwa namna yake, kama alivyonitunza siku zote, na katika kunitunza alikuwa amenifuta. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga kitu. Nilijikaza, maana wanja ukishaanza kutiririka haurudi.

Haverkamp alikuwa ameshafika. Alipanda ngazi akiwa anafunga kifungo cha koti, ametulia kama daktari anayekuja kutoa habari. Aliwapungia mkono wakubwa wa redio kwamba ni hitilafu ndogo, kisha akanisogelea. Nadhani alisahau kwamba mdomo wake uko karibu na kipaza sauti cha Lonnie, kwa sababu alichosema kilisikika mpaka mlangoni.

"Usilete mchezo, kijana. Hakuna aliyekuja kumwona Virgil. Wamekuja kumwona Blaze, na Blaze ni nywele, suruali na jina. Vyote ni mali ya kampuni. Wewe ni mtu tu uliyemvaa."

Kicheko kule nyuma kikakatika.

Lonnie akaongeza lake, akasema kila mtu amejitolea kwa ajili ya bendi, yeye mwenyewe ameacha kupiga kelele na koo linamshukuru, kwa nini mimi nijione mtakatifu. Nikamwambia utakatifu siutaki, nataka gitaa langu lisikike. Basi. Hilo tu ndilo nililotaka tangu sura ya kwanza ya hadithi hii, na mnisamehe kama nimewachosha nalo.

Nikamtazama Haverkamp, kisha nikamtazama Orrin. Mtu yeyote mwenye nywele zile angekuwa mimi. Leo Orrin, kesho mwingine. Wangeweza kunibadilisha kama glopu na akina mama wa supamaketi wasijue. Walikuwa wamepata mlango wa kunitolea, na mlango wenyewe ulikuwa unaning'inia kichwani kwangu.

Nikanyoosha mkono, nikachomoa mkasi kwenye aproni ya mama.

"Virgil," mama alisema. "Virgil, mwanangu, usifanye hivyo."

Lazima mwelewe nywele ni kitu gani pale Sunset. Mtu angeweza kukosa kula, kukosa pa kulala, kukosa hata nyuzi za gitaa, lakini nywele hakukosa. Mwanamume mwenye nywele fupi pale alikuwa polisi au mdai wa kodi. Nilishika fungu la kwanza, la mbele, lile la kufunika uso, nikakata kwenye mizizi.

Likaanguka jukwaani. Msichana wa mbele akaziba mdomo.

Nikakata la pili. Nikakata la tatu. Sikuwa na kioo, nilikuwa nakata ovyo, na upepo wa feni, iliyokuwa imejizungusha tena kuelekea ukumbini, ulikuwa unazichukua nywele zile unazimwaga juu ya mashati meupe ya watu wa redio. Mama alikuwa analia kimya kimya, kazi yake ya asubuhi nzima inapeperuka. Sikusimama. Nilikata mpaka kichwa kikawa kama kuku aliyenyonyolewa nusu, mpaka sikio la kushoto likapata hewa ambayo halikuwa limeipata tangu nikiwa shule.

Kisha nikasogea kwenye kipaza sauti cha Lonnie, naye akanipisha mwenyewe.

"Hii ndiyo sura yangu," nikasema. "Itazameni vizuri. Ninaitwa Virgil Hruska, natokea Reseda, na wimbo mliousikia sikuupiga mimi. Nilichopiga mimi hamkuruhusiwa kukisikia."

Nikaudondosha mkasi sakafuni.

Kutoka chini ya lile pazia lililoanguka, dramu ikalia. Pigo moja. Kisha mawili ya haraka. Gus alikuwa bado amefunikwa nusu, kichwa chake ndio kwanza kinachomoza, lakini mikono ilikuwa imeshaanza "Meno ya Mbweha". Kule nyuma vijana wa Sunset waliutambua kabla sijageuka. Lonnie akampigia kelele aache. Gus hakuacha.

Nikalidaka gitaa langu lililokuwa linaning'inia begani, nikapiga nyuzi zote kwa mpigo. Nikajisikia miguuni. Ukumbini, hakuna kitu.

Nilikuwa nimesahau. Waya wangu uliishia kwenye ile spika ya miguuni tu. Waya wa gitaa wa kwenda ukumbini ulikuwa mmoja, na alikuwa nao Orrin.

Haverkamp akaanza kucheka. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia baridi.

"Asante," aliniambia. "Umenirahisishia kazi. Asubuhi tulikuwa na Blaze wawili, nikawa sijui nifanyeje. Sasa yuko mmoja." Akamgeukia Orrin, akamwekea mkono begani. "Jukwaa ni lako, Blaze. Maliza wimbo."

Nikamtazama mtoto wa mama yangu mdogo. Ndani ya zile nywele za rangi tatu, zangu, zilizo nzima, zilizochanwa vizuri, jina langu lilikuwa limeshamkaa kichwani kama kofia ya kushonewa. Nilikuwa nimemkabidhi mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya mashahidi.

"Orrin," mama yangu akasema. "Mpe ndugu yako waya."

"Akimpa, arudi kwao Bakersfield leo hii," Haverkamp akasema.

Dramu ya Gus ilikuwa inazidi. Orrin alikuwa amelikumbatia gitaa lake, jasho linamtiririka, anatazama huku na huku kama mtoto aliyeitwa na wazazi wawili. Hakuwahi kukataa kitu maishani mwake, na sasa alitakiwa amkatalie mmoja wetu.

Akainama polepole. Kwa mkono wa kushoto akaushika ule waya, pale unapoingia kwenye gitaa lake. Kwa mkono wa kulia akaokota mkasi wa mama yangu sakafuni.

Akanyanyuka, akaniangalia usoni, uso wangu mpya ambao hakuwa amezoea kuuona.

"Kaka, nisamehe," alisema, akaupanua mkasi. Kama alikata waya au alikata nywele, hilo tukutane wiki ijayo.